Kuku walipona, wanachama wakapungua: uchambuzi wa kisa cha mlezi wa kujitolea katika klabu ya vijana

Kisa hiki kilitokea katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Temeke, Dar es Salaam. Majina yote yameondolewa, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Mlezi anayehusika ameusoma uchambuzi huu na ameridhia utumike kuwafundishia walezi wengine. Mimi nilikuwa mratibu wa klabu hiyo na nyingine kadhaa, na kama itakavyoonekana, sehemu ya kosa ni yangu.

Usuli

Klabu ilikuwa na wanachama 22 wenye umri wa miaka 11 hadi 16, wasichana 13 na wavulana 9. Wengi walikuwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za kata, na watatu walikuwa wameacha shule. Walikutana kila Jumamosi kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi chini ya mwembe, pembeni ya ofisi ya serikali ya mtaa. Walikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa na wenzao kwa kura ya kunyoosha mikono. Kazi yao ilikuwa kuchagua mradi mmoja, kuuendesha wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kuweka kumbukumbu, na hatimaye kusimama mbele ya wazazi kueleza walichofanya.

Mtindo huu wa kumfundisha kijana kwa kumkabidhi mradi halisi si mpya. Nchini Marekani, katika jimbo la Ohio, klabu ya namna hii ilianzishwa mwaka 1902 na msimamizi wa shule aliyewakusanya watoto wa wakulima, na kutokana na klabu kama hiyo ukakua mfumo unaojulikana duniani kwa herufi H nne, zinazosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Wataalamu wa kilimo wa wakati huo walikuwa wamegundua kwamba watu wazima walisita kupokea mbinu mpya, ilhali watoto walizijaribu bila woga na kuwaonyesha wazazi wao matokeo. Klabu yetu haikuwa tawi la mfumo huo, ila kanuni yake tuliichukua kama ilivyo: mradi upo kwa ajili ya mtoto.

Mlezi mkuu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, karani katika ofisi moja ya uwakala wa forodha mjini, mwenye mtoto mmoja mdogo. Watoto walimwita anti. Wazazi walimwita mwalimu, ingawa hajawahi kufundisha shule yoyote, na jina hilo lilikuwa na uzito kuliko nilivyofikiri wakati ule. Kwetu, mzazi akishamkabidhi mwalimu mtoto huona kazi imeshapata mwenyewe, hivyo hamhoji mwalimu huyo na pia hamsaidii. Mlezi msaidizi alikuwa kijana fundi umeme, mwenye moyo mzuri, ambaye kazi zake za saiti zilimpeleka Kigamboni leo na Bunju kesho. Katika fomu zetu klabu ilikuwa na watu wazima wawili. Kwa uhalisia ilikuwa na mmoja na robo.

Mwenendo wa matukio

Mwezi Februari wanachama walipiga kura ya kufuga kuku wa nyama. Walipanga kununua vifaranga 50 na kila mwanachama achangie shilingi 6,000, jumla shilingi 132,000. Mwenye duka la vyakula vya mifugo alikubali kutoa mifuko mitatu ya chakula kwa mali kauli, ilipwe baada ya mauzo. Bibi wa mwanachama mmoja alitoa sehemu ya uwa wake kwa ajili ya banda na akaruhusu waya wa taa ya kuwapa vifaranga joto uvutwe kutoka ndani kwake. Suala la nani atanunua umeme wa LUKU halikujadiliwa. Bibi alisema tu kwamba umeme upo.

Vifaranga vilifika katikati ya Machi, siku ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku wakala alipokuwa navyo. Wanachama walikuwa wamejipangia zamu za wawili wawili, asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na orodha ya zamu ilibandikwa kwenye mlango wa banda kwa mwandiko wa katibu. Siku nne za mwanzo zilikwenda kama zilivyopangwa. Watoto walibadilisha maji, wakapima chakula kwa kopo la rangi lililooshwa, na wakaandika kila kitu.

Usiku wa kuamkia siku ya sita ilinyesha mvua kubwa ya masika na umeme ukakatika. Vifaranga wa umri huo hawawezi kujitunzia joto. Wakisikia baridi hulundikana pembeni, na walio chini hukosa hewa. Mlezi, ambaye anaishi umbali wa kama kilomita mbili, alishtuka na kufika kwa bodaboda saa 11 alfajiri akiwa na mfuko wa mkaa. Alikuta vifaranga wanne wamekufa na wengine wamenyong'onyea. Wasichana wawili waliokuwa na zamu hawakuwepo, na kwa haki kabisa, kwani wazazi wao walikataa kuwatoa nje gizani katika mtaa wenye vibaka na mitaro iliyofurika.

Asubuhi ile mlezi alituma ujumbe katika kundi la wazazi kwamba kuanzia siku hiyo zamu za alfajiri na usiku zimefutwa, na kwamba yeye mwenyewe atazishika. Wazazi walishukuru. Nami nilishukuru.

Mambo mengine yalifuata taratibu, na hakuna hata moja lililotangazwa kama uamuzi. Siku ya saba, inayopendekezwa kwa chanjo ya kwanza ya kideri (ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle), iliangukia Alhamisi. Watoto wakiwa shuleni, mlezi aliomba ruhusa ya saa mbili kazini, akawanyima kuku maji kwa muda kama inavyotakiwa, akayeyusha chanjo katika maji ya mvua aliyoyakinga kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huua chanjo, na akamaliza kazi peke yake. Alhamisi iliyofuata alifanya vivyo hivyo kwa chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku, na ile iliyofuata kwa marudio ya kideri. Kwa kuwa alikuwa bandani kila alfajiri, alianza kulisha. Kwa kuwa alikuwa analisha, yeye ndiye aliyejua chakula kimebaki kiasi gani, hivyo kuandika daftari kukawa kwake pia; Jumamosi alimsomea mweka hazina tarakimu naye akazinakili kwa mwandiko wake. Katika wiki ya tatu mafua yalipomzuia kuamka, alimtafuta kijana mmoja wa mtaani alale bandani kwa shilingi 3,000 kwa usiku, na kijana huyo akakaa siku tisa.

Mahudhurio ya Jumamosi, ambayo katibu aliendelea kuyaandika kwa uaminifu, yalikwenda hivi kwa wiki sita: 22, 20, 17, 14, 11, 9. Hakuna aliyeyasoma. Tulikuwa tunatazama picha katika kundi la wazazi, kuku wakinenepa wiki hadi wiki, na chini yake hongera nyingi. Baadaye nilizihesabu picha hizo: zilikuwa 31, na watoto wanaonekana katika sita za mwanzo tu. Mimi mwenyewe nilichukua taarifa yake ya wiki ya nne na kuwatumia walezi wa klabu nyingine kama mfano wa kuigwa.

Mwishoni mwa wiki ya sita kuku 44 waliuzwa kwa shilingi 8,500 kila mmoja, wengi kwa mama lishe wawili na kwa majirani. Kikao cha wazazi kiliitishwa ili kugawana. Kwa mujibu wa daftari, mauzo yalikuwa shilingi 374,000. Deni la chakula shilingi 228,000 lililipwa. Na pamoja na shilingi 6,000 iliyosalia katika mtaji, mkononi ilibaki shilingi 152,000. Ukitoa mtaji wa wanachama, faida ilikuwa shilingi 20,000.

Mweka hazina, msichana wa Kidato cha Pili, alisoma tarakimu hizo vizuri. Kisha baba mmoja, ambaye mwenyewe hufuga kuku, akauliza swali la kawaida kabisa: mifuko mitatu iliwatoshaje kuku 44 kwa wiki sita, na umeme wa kuwapa joto ulilipwa na nani? Mweka hazina alinyamaza, akamtazama mlezi, akasema, "Mimi nimeandika alichonisomea anti." Mlezi alisema kulikuwa na vitu vidogo vidogo alivyosaidia na havina haja ya kutajwa. Maneno hayo, aliyoyasema kwa unyenyekevu, ndiyo yaliyowasha moto. Mama mwingine akauliza kama kuna kilichosaidiwa kuingia na hakikuandikwa, basi kuna kilichotoka pia na hakikuandikwa? Kikao kikavunjika bila kugawana, na kufikia jioni mtaani ilisemwa kwamba mwalimu amekula hela za watoto.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa kuchambua ni ule wa mlezi kufuta zamu za usiku. Ulikuwa sahihi, na ningeufanya mimi pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Klabu si ajira, lakini hakuna mlezi mwenye akili timamu atakayejificha nyuma ya tofauti hiyo ili amtoe binti wa miaka 12 nje saa 11 alfajiri. Tatizo ni kwamba uamuzi ule ulikuwa na nusu mbili, ya kuwaondoa watoto katika hatari na ya kuamua ni nani sasa atashika kazi iliyobaki, na mlezi alizijibu zote mbili kwa pumzi moja, alfajiri, akiwa ameloa, mbele ya vifaranga waliokufa. Nusu ya pili ilikuwa ya wanachama. Kikao cha dharura cha Jumamosi kingeweza kuzaa majibu ambayo mtu mmoja hayafikirii: kupunguza idadi ya kuku kwa kuwauza mapema, kumwomba bibi achungulie kabla ya kulala, au hata kukubali kwamba wengine watakufa.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuwashirikisha, jibu lake lilikuwa la kweli na lisilo na hila. Alisema watoto walikuwa wamechanga hela za wazazi wasio na hela, na kuku wakifa wote, yeye angewatazamaje akina mama wale? Alikuwa anawalinda watoto dhidi ya hasara. Nimelisikia jibu hili kwa walezi wengi, na kila mara nalisikia kwa watu wazuri.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu. Baada ya kikao kuvunjika, wazazi wawili walitaka fedha zigawanywe siku ileile ili yaishe. Niliomba ziwekwe kwa wiki mbili mikononi mwa bibi mwenye uwa, ambaye pande zote zilimwamini, na nikapendekeza hesabu ifanywe upya na wanachama wenyewe. Sababu yangu ni kwamba kugawana kungemwacha mlezi na doa na mweka hazina na aibu, na wote wawili wangeondoka na somo kwamba hesabu ni jambo la kumalizwa haraka kabla halijachimbwa.

Ugumu ulikuwa kumshawishi mlezi afungue mambo yake. Alikataa kwa siku tatu. Alisema amelelewa kuamini kwamba anayetoa kwa mkono wa kulia hata mkono wa kushoto usijue, na kwamba kuanza kutaja alichotoa ni kujionyesha mbele ya watu waliokwisha kumtukana. Sikuwa na jibu la haraka kwa hilo, kwa maana ni imani ninayoishiriki. Mwishowe nilimwambia kwamba sadaka ni yake na Mungu wake, lakini daftari ni la watoto, na daftari lile kwa sasa linasema uongo kwa mwandiko wa msichana wa miaka 15. Alikaa kimya kidogo, kisha akatoa simu.

Jumamosi mbili zilizofuata wanachama kumi walikaa chini ya mwembe na jumbe za miamala ya simu tulizozinakili kwenye karatasi, zile tu zilizohusu mradi. Mweka hazina alichora safu mbili, akaziita Iliyoonekana na Isiyoonekana. Katika safu ya pili walipata chakula cha ziada kilo 25 kwa shilingi 38,000, LUKU shilingi 15,000, mkaa shilingi 18,000, na malipo ya kijana wa kulala bandani shilingi 27,000. Jumla ilikuwa shilingi 98,000. Faida ya shilingi 20,000 iligeuka hasara ya shilingi 78,000. Mvulana mmoja wa miaka 13 alisema, "Kumbe tulipata hasara na hatukujua," na wenzake wakacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika klabu ile kwa muda mrefu.

Kulikuwa na shilingi 24,000 nyingine ambayo hatukuiweka katika safu yoyote. Mlezi alikuwa amewalipia watoto wanne michango yao mwanzoni mwa mradi. Tulikubaliana mimi na yeye kwamba hiyo ibaki kama ilivyoandikwa, kuwa ni michango ya watoto hao, na hadi leo hakuna mwanachama anayejua ni akina nani.

Matokeo

Wanachama waliamua kwa kura kwamba shilingi 98,000 iandikwe kama msaada wa mlezi, kwa kuwa yeye alikataa kurudishiwa. Kila mwanachama akarudishiwa shilingi 6,000 yake. Na shilingi 20,000 iliyobaki akapewa bibi kwa uwa na umeme wake. Mweka hazina aliwasilisha hesabu mpya mbele ya wazazi na safari hii alijibu maswali yote mwenyewe. Yule baba mfugaji aliuliza matano. Uvumi ulipungua, ingawa mama mmoja hakurudi tena na alimwondoa mwanawe.

Mlezi aliomba kupumzika kwa muda, na nilimruhusu. Alirudi kipindi cha kipupwe, likizo ya Juni ikiwa imeanza, akakuta wanachama 14. Kwa mlezi msaidizi tulimpata mama wa mtaani aliyestaafu, mwenye muda na anayewajua wazazi wote kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Mimi nilipendekeza mradi wa mchicha katika viroba, ambao huvunwa ndani ya wiki nne na haumkeshi mtu. Wanachama walinisikiliza kwa heshima, kisha wakapiga kura ya kufuga kuku tena.

Walinunua vifaranga 25. Walimwomba wakala apange ili siku ya kwanza ihesabiwe Jumapili, na kwa hiyo siku ya 7, ya 14 na ya 21 zote zikaangukia Jumamosi, siku ya klabu. Chanjo zote tatu walichanganya wao, mlezi akiwa amesimama nyuma na mikono mfukoni, kama alivyoniambia, ili asiinyooshe. Kuku watano walikufa. Watatu kati yao walikufa kwa uzembe unaojulikana wazi: maranda yaliyotandikwa sakafuni yaliachwa na unyevunyevu kwa siku kadhaa, kuku wakaharisha damu, na watoto wakajifunza kuhusu maranda jambo ambalo mihadhara yangu mitatu haikuwa imewafundisha. Mauzo yalikuwa shilingi 170,000 na gharama zote, pamoja na LUKU iliyoandikwa safari hii, shilingi 183,000. Mahudhurio hayakushuka chini ya 12.

Baadhi ya wazazi walisema kwa utani kwamba klabu inafuga hasara. Nilikuwa na la kujibu, lakini mweka hazina alinitangulia kwa kueleza kwamba shilingi 13,000 ile ingekuwa faida ya shilingi 12,500 iwapo wale watatu wasingekufa, kwa bei ileile ya kuuza. Niliikokotoa kichwani na kukuta ameipatia.

Uchambuzi

Mtu anayesoma kisa hiki haraka atadhani ni kisa cha fedha. Kelele zote zilikuwa za fedha, na hata maamuzi yangu ya baadaye yalianza huko. Lakini mstari unaoeleza kisa chote uko katika daftari la mahudhurio, na ulikuwa pale tangu wiki ya pili. Watoto hawakuacha kuja kwa sababu ya utoro au tamaa ya kwenda kucheza mpira, kama mlezi alivyoniambia mwanzoni. Nilipoongea na sita kati ya walioacha, wanne walisema jambo moja kwa maneno tofauti: wakifika hakuna la kufanya. Anti ameshalisha. Anti ameshafagia. Walikaa wakasomewa tarakimu za kuku wasiowagusa, wakaenda nyumbani. Mtu mzima angevumilia kwa adabu. Mtoto wa miaka 12 huacha tu kuja.

Kilichofaa kilikuwa kingi, na nisingependa kipotee. Uchaguzi wa viongozi ulikuwa wa kweli, na ndiyo sababu katibu aliendelea kuandika mahudhurio hata kazi nyingine zote zilipokwisha kuchukuliwa. Bila daftari lake nisingekuwa na kisa cha kuandika. Mlezi aliyafuata masharti ya chanjo kwa umakini ambao wafugaji wengi wa biashara hawana. Kuhesabu upya mbele ya watoto, badala ya mimi kuhesabu na kuwaletea majibu, kulirudisha kitu ambacho kugawana fedha kusingekirudisha. Na suala la siri lilinifundisha kutofautisha: kumficha mtoto asiye na mchango ni kumstahi, na siri hiyo haimharibii mtu hesabu, lakini kuficha gharama ya mradi ni kumnyima mtoto kile alichokuja kujifunza. Mlezi huyohuyo, kwa moyo uleule, alifanya yote mawili, na kwake yalionekana jambo moja. Nadhani walezi wengi huyaona hivyo.

Sasa kilichoshindikana zaidi, ambacho hakuna mzazi aliyekiuliza katika kikao. Yule kijana aliyelala bandani siku tisa hakujulikana na mtu. Mlezi alielekezwa kwake na muuza chipsi. Mwenyekiti wa mtaa hakuarifiwa, wala mjumbe wa shina, wala mimi, wala bibi hakuulizwa rasmi ila aliona mtu amekuja na godoro. Zamu za jioni zilikuwa bado zipo wakati huo, na angalau mara mbili wasichana wawili walimkuta peke yake bandani magharibi inaingia. Halikutokea baya lolote; nimewauliza wasichana hao wakiwa na mama zao, kwa utaratibu na bila haraka, na nimeridhika. Hata hivyo kutotokea baya hakukutokana na jambo lolote tulilolifanya. Watu walipiga kelele kuhusu shilingi 20,000 na wakapita kimya juu ya mtu mzima asiyejulikana katikati ya watoto wao. Siwalaumu, kwa sababu fomu yetu ya taarifa ya wiki ilikuwa na mistari minane ya fedha na haikuwa na hata mmoja unaouliza ni watu wazima gani wamekutana na watoto wiki hii. Sasa unao, na uko juu ya mistari ya fedha.

Kosa hilo nalo lilizaliwa na upweke wa mlezi. Angekuwa na mwenzake wa kweli, siku alipopata mafua angempigia simu mtu huyo, asingemtafuta mgeni. Kanuni ya watu wazima wawili huelezwa kwa kawaida kama kinga ya watoto, na ni kweli, lakini katika kisa hiki ingemkinga mlezi kwanza: dhidi ya uchovu, dhidi ya tuhuma, na dhidi ya kuamua mambo makubwa peke yake alfajiri. Niliruhusu klabu ianze mradi wa viumbe hai nikijua msaidizi hapatikani. Nililijua hilo tangu Januari. Nilisema tutaona.

Kuna pia suala la wakati. Vifaranga katikati ya Machi ni vifaranga katika masika, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam anajua masika inafanya nini kwa umeme, kwa mitaro na kwa mkaa uliolowa. Wanachama walichagua mradi Februari kwa sababu walikuwa na hamu, na mlezi hakutaka kuizima. Kumwachia mtoto uamuzi hakumwondolei mlezi wajibu wa kumwekea mezani anachokijua kuhusu mvua, kisha aamue.

Jambo ambalo bado hatujalitatua ni usiku. Katika mradi wa pili bibi alichungulia banda kabla ya kulala na mlezi msaidizi mpya alipita alfajiri, na ilitosha kwa kuku 25 wakati wa kipupwe. Haitatosha kwa kuku wengi zaidi wala kwa masika nyingine. Wanachama wamependekeza mradi wa kuku uanze Juni tu kila mwaka na miezi ya mvua ipandwe mboga, na wameliandika katika kitabu cha kumbukumbu za vikao. Ufunguo wa banda uko kwa bibi. Mlezi mkuu ameomba asipewe nakala.